Kisima cha Tatu

Machano alikuwa amechimba visima viwili uani kwake, na vyote vilitoa maji ya chumvi. Mkewe alishasema kwamba cha tatu kikiwa hivyohivyo, watahama. Jana cha tatu kilitoa maji, na Machano aliogopa kuyaonja.

"Tuanze na ya kisima cha zamani, baba," alisema binti yake Riziki, mwalimu wa kemia. Alidondosha nitrati ya fedha, dawa ya kupimia chumvi, kwenye kichupa cha maji hayo, yakawa meupe kama tui.

"Ni nini hicho?"

"Fedha imeshikana na kloridi ya chumvi, nitrati imebaki na sodiamu. Wamebadilishana wenzi. Hiki cheupe ni kitu kipya kisichoyeyuka."

"Haya, na ya jana?"

Riziki akadondosha. Machano alishika ukingo wa meza. Ukatokea ukungu mwembamba, kama pumzi kwenye kioo, wala haukuzidi hapo.

"Chumvi ni kidogo sana, baba. Yanafaa."

Machano akatoka mbio hadi uani, ambako mkewe alikuwa anafunga mizigo.

"Mama Riziki, njoo uyaonje wewe kwanza!"

Mkewe aliiacha kamba ya mzigo, akachukua ndoo na kuiteremsha polepole gizani.