Kaa Dogo

Kila asubuhi Bi Shufaa alibisha hodi kwa jirani yake Mwanaidi, mke mgeni asiyemjua mtu mjini hapo, mkononi ameshika kigae.

"Mwanangu, nigaie kaa la moto."

Akiwekewa kaa kigaeni, hakuondoka. Alikaa kigodani, akamuuliza Mwanaidi amelalaje, mumewe aliye safarini kaleta salamu gani. Kaa likizimika, aliomba jingine, na mazungumzo yakaanza upya.

Mwanaidi alimhurumia. Viberiti vimejaa madukani, naye mtu mzima bado anahangaika kuomba moto! Siku moja akamnunulia kiberiti, akakifunga kwenye pindo la kanga, akampelekea mapema kabla hajaja.

Mlango wa Bi Shufaa ulikuwa wazi nusu. Ndani, jiko lilikuwa limekolea, makaa mekundu yakilia, na kando yake kiberiti. Bi Shufaa akachota maji kwa kata, akayamwagia makaa yote. Moshi ulipomjaa usoni alikohoa, akajifuta machozi, akajitengeneza ushungi mbele ya kioo. Kisha akachukua kigae.

Mwanaidi alirudi kwake akinyata, halafu mbio. Alipiga magoti jikoni akapepea kwa nguvu zake zote.

"Hodi, mwanangu!"

"Karibu, Bi Shufaa! Karibu ukae."

Kiberiti kikiwa bado pindoni, Mwanaidi alichukua koleo, akayapekua makaa taratibu, akamchagulia lile dogo kuliko yote.