Mchele wa Ukweni

Oswald aliegesha lori nyuma ya hoteli, si mbele kama madereva wengine, akashuka na mfuko wa mchele usio wake. Akaitupia macho barabara ya Mikumi, huku na huku, kisha akaingia kwa mlango wa uani.

"Umekuja nao?" aliuliza Anselmi, mwenye hoteli.

"Sasa ningekuja mikono mitupu?"

Ulikuwa mwaka wa njaa, mwaka ambao watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa huku mvua nayo imegoma. Mahoteli mengi yalikuwa na chakula kimoja tu, ugali wa unga wa njano uliotoka ng'ambo. Watu waliula, wakashukuru. Oswald hakuuweza. Alikuwa mtu wa kula, na hakuona haya kusema hivyo. Lori la ushirika lilimpitisha kila mahali, na kila mahali alipakumbuka kwa sahani yake. Kilosa ilikuwa chapati za karibu na stesheni, zile zinazochanika tabaka kwa tabaka. Kidodi ilikuwa maharage ya wakata miwa, yaliyolazwa motoni mpaka yakalegea. Munisagara alipasamehe kwa sababu ya chai tu. Lakini vyote hivyo vilikuwa cha mtoto mbele ya wali wa kwa Anselmi.

Mchele wenyewe ulitoka kwa mkewe. Gaudiosa alikuwa na kishamba cha mpunga bondeni, nje kidogo ya Kilosa, na kila lori lilipopangiwa njia ya Mikumi alifunga mfuko.

"Mpelekee mama," alisema. "Yuko peke yake kule, na njaa hii. Na umwamkie."

Kumwamkia kwenyewe kulikuwa kwa mbali. Kwa desturi yao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, sembuse kula mahali pamoja. Tangu aoe, Oswald alimjua mama yule kwa kisogo na upindo wa kanga. Mzigo huachwa kwa jirani yake, Teresia, na mkwe huletewa chakula huko huko kwa jirani. Safari ya kwanza ya njaa Oswald alifuata utaratibu huo. Akaletewa ugali wa njano na mlenda usio na chumvi. Alimeza kwa shida matonge machache, yaliyobaki akamtupia mbwa wa Teresia. Safari iliyofuata aliupitisha mfuko kwa Anselmi. Mara hii tu, alijiambia. Makubaliano yalikuwa mepesi: yeye alete mchele, hoteli ipike, wali atakaousaza wauziwe wateja.

Mara hii tu ikazaa nyingine, na nyingine.

Sahani ilipenyezwa kwenye kidirisha cha jikoni na mkono uliorudi ndani haraka. Wali punje moja moja, kambale mkavu kwenye rojo la karanga, na pembeni vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vya kahawia, vile hasa alivyovipenda. Oswald alikula ameinamisha kichwa. Kila tonge aliliona amelipora mdomoni mwa mama mwenye njaa, na bado alilifuatishia jingine. Alijichukia, na aliendelea kutafuna.

"Huyu mpishi wako nataka nimpe mkono," alisema, angalau asikie sauti nyingine isiyo ya moyo wake.

"Hatoki," alisema Anselmi. "Ana haya zake, mwache. Ila kila mara huniuliza kama umeshiba."

Kilosa, Gaudiosa alimpokea na swali lake la siku zote.

"Mama kakupikia nini?"

"Wali na kambale." Uongo ulimtoka bila taabu, maana ladha ilikuwa bado mdomoni.

"Wa karanga?"

"Wa karanga."

Gaudiosa akacheka kwa furaha. "Ndiye yeye huyo. Juzi katuma salamu na mtu wa basi. Anasema mchele unafika, na mkwe kama wewe hajaona."

Oswald aliomba maji, akatoka nayo uani. Mchele haukuwa umefika hata punje. Kumbe mama wa watu alikuwa analala njaa na bado anamfichia aibu, ili nyumba ya binti yake isiingie maneno. Heri angemshitaki, wangegombana, yakaisha. Tangu siku hiyo chakula kilimkataa. Hata chapati za stesheni alizitafuna kama karatasi.

Lori lilipopangiwa tena Mikumi, yeye mwenyewe alimwomba mkewe ajaze mfuko mkubwa. Alipita hoteli ya Anselmi bila kupunguza mwendo, harufu ya vitunguu ikimfuata mpaka kwenye kona. Leo angesema yote. Kisha angekula ugali wa njano na kulamba sahani.

Alimkuta Teresia uani, anachambua mboga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Teresia aliutazama mfuko, kisha akamtazama yeye. "Leo umekumbuka huku?"

"Nimemletea mama mchele wake. Nakuomba umwite, asimame nyuma ya mlango tu. Nimemkosea, nataka kumwomba radhi."

"Mama Gaudiosa mchana hayupo, baba. Tangu njaa hii ikaze anapika kule hotelini kwa Anselmi." Teresia alirudisha macho kwenye mboga. "Na leo kawahi kuliko siku zote. Kasema ni siku ya lori, mkwe wake atafika na mchele, hataki amkute moto haujashika."