Kovu la Adelaïde

Kengele ya misa ya kumkumbuka marehemu Adelaïde ilipolia, miezi kadhaa baada ya matanga, Adelaïde mwenyewe alikuwa amekaa jikoni, mama yake akimkanda shavu kwa siagi ya ng'ombe.

"Usilie," alisema mama Drocella. "Machozi italoanisha kovu."

"Mama, wananiombea mimi."

"Wanamuombea Adelaïde. Weye njo Elisabeth. Zoea."

Haya, tuseme ukweli. Aliyekufa ni Elisabeth, pacha wake, mkubwa kwa muda wa kupika ugali. Homa ilimkuta kwa shangazi yao huko Kingi, akazikwa hukohuko. Alikuwa ameshaposwa na Damascène, mwana wa Nzabandora, na ng'ombe wa mahari walikwisha kuja na kuondoka tena: baba Sebarenzi aliwatoa kumposea mke mwanawe Hilaire. Mke wa Hilaire sasa alikuwa na tumbo kubwa. Ng'ombe wa namna hiyo utawarudishaje?

Mtu atauliza, si wangempa Damascène huyu aliyebaki? Ndivyo desturi ingetaka. Lakini Adelaïde alizaliwa na kidoa cheusi chini ya jicho la kushoto, kama punje ya mtama, na mzee Nzabandora alishasema siku ya posa, mbele ya pombe na mbele ya watu: "Yule wa kidoa, hapana. Kidoa pale iko njia ya machozi. Atamuzika mutoto yangu."

Kwa hiyo waliporudi kutoka Kingi, walimfunga huyu kitambaa shavuni, wakasema ana jipu, wakamlilia Adelaïde. Watu wakaamini. Walizoea kutazama kidoa tu. Sura za mapacha wale nani alizichunguza?

Kikabaki kidoa chenyewe. Mama alimpeleka mbali, Mpofi, upande wa Walikale, ambako hawakujulikana, kwa muuguzi mmoja aitwaye Symphorien. Kikakatwa, na Adelaïde akadhani mambo yamekwisha. Wapi! Kidonda kilipofunga, kovu likavimba, gumu, linang'aa, kubwa kuliko kidoa. Waliruka majivu wakakanyaga moto.

"Kovu ya namna hii haipendi haraka, mama," Symphorien aliwaambia. "Unaweza kuikanda na mafuta asubuhi na mangaribi, miezi mingi. Unaweza kuifinya na bande, pa juu unaweka kitu kigumu. Ya mwisho njo kuikata tena na kushona na uzi mwembamba. Lakini ile inaweza kupona, ao irudi kubwa kushinda hii. Mimi ningengojea."

Kungojea! Damascène alikuwa mjini Costermansville akijifunza useremala, na angerudi kwa mavuno ya mtama.

Wakakanda. Wakafinya: mama alishona kifungo cha koti la baba ndani ya kitambaa, akakifunga kwa nguvu hata kichwa kizima kikauma. Bibi yao akaleta majivu ya majani anayoyajua mwenyewe. Kovu likachubuka na kuwasha vibaya. Na baba Sebarenzi, kila akirudi shambani, hakusalimia. Alimshika binti yake kidevu, akamgeuzia mwangani kama anayekagua mbuzi sokoni, akaguna. Adelaïde alimchukia. Alimchukia hata marehemu, kisha akaona haya.

Jambo moja hakumwambia mtu. Zamani kisimani, kabla ya posa, Damascène alimtwisha mtungi, akacheka: "Hii kidoa yako inaniangalia kushinda macho yako." Alidhani anadhihakiwa, akaenda nyumbani akilia. Lakini tangu siku hiyo alimpenda, na dada yake alipoposwa alimeza uchungu wake na kukilaani kidoa.

Sasa alijiambia: jina limekwenda, misa imesomwa, walau nitampata yeye. Kovu likiisha tu.

Mtama ulipoanza kuinama, walirudi Mpofi.

"Kata," alisema Adelaïde mwenyewe.

"Nilikuambia inaweza kurudi, dada."

"Kata!"

Akauma kitenge cha mama yake mpaka sindano ilipotoka mara ya mwisho. Safari hii Mungu alisaidia, au shetani, sijui. Kovu lilibaki mstari mwembamba tu, ukajificha katika kunjo la jicho.

Siku ya arusi aliletwa amefunikwa, kama ilivyo desturi. Mama mkwe, Nyiraneza, alimfunua uani, juani, akamvuta shavu kwa vidole viwili.

"Safi," akasema.

Wanawake wakapiga vigelegele, na mama Drocella akawashinda wote.

Kisha wawili hao wakaachwa chumbani, dirisha wazi. Damascène alikaa karibu naye, akalitazama shavu la kushoto muda mrefu. Halafu akaweka kidole chini ya jicho, palepale.

"Elisabeth, sitaki tuanze na uongo," alisema Damascène. "Mimi nilimuomba mwenzako. Yule wa kidoa. Papa akakataa, na mimi nikaogopa kubishana na wazee. Niliposikia amekufa, chakula ilinishinda." Akaondoa kidole. "Njia yote nilikuwa nasema, pengine nitaona hata alama kidogo yake kwa sura yako. Hakuna."

Nje, mtoto mchanga wa Hilaire alilia, akanyamazishwa.

"Utakubali twende wote Kingi, tumuombee pa kaburi yake?"

Alimtazama yule mwanamume. Akapitisha kidole kwenye ule mstari mwembamba.

"Tutaenda," akajibu Elisabeth.