Ngoma Iliyolowa

Mwalimu Zawena hakukubali hata kuketi. Alisimama uani, akasema lililomleta.

"Baba Tunu, mwanao darasani anasoma ukurasa mzima bila kukwama, mradi anapiga ngoma huku akisoma. Akiikosa, kigugumizi kinambana."

Jana yake Machano alimkuta mwanawe Tunu na ngoma ya shule, akaona ni upuuzi wa kumpotezea mtoto masomo, akaitumbukiza kwenye pipa la maji. Tangu amzae, hajawahi kumsikia akimaliza sentensi.

Mwalimu alipoondoka, Machano aliitoa ile ngoma pipani. Ngozi ilikuwa imelegea kama shavu la kikongwe. Akawasha makuti, akaielekeza ngozi kwenye moto ili ikaze, maana ndivyo alivyowaona wapigaji wakifanya harusini. Ila wao huipasha kwa mbali, wakiigeuzageuza. Yeye, kwa haraka ya kutengeneza alichoharibu, aliisogeza mpaka ndimi za moto zikairamba.

Tunu alitoka ndani mbio. "Ba... ba... ba..."

"Ngoja, mwanangu. Sasa hivi itakuwa tayari."

"I... i... i..."

"Ngoja, nimekwambia!"

Ngozi ikapasuka kwa mlio mmoja mkavu.

Machano alibaki ameishikilia juu ya moto, hathubutu kugeuka. Nyuma yake Tunu alianza kujipiga paja kwa kiganja, taratibu, na maneno yakamtoka yamenyooka, yakirudi na kurudi: "Baba, itapasuka. Baba, itapasuka."