Mkebe Uliochomelewa

Hocking aliuvuta mkebe wake wa chakula kwa mikono miwili. Haukutikisika. Ulikuwa umechomelewa kwenye benchi la chuma, pande zote, kwa ufundi usio na kasoro.

"Nani kafanya upumbavu huu?" alifoka.

Kikosi chake kiliendelea kunywa chai. Hasira zikampanda. Tanuri la makaa la kuyeyushia chuma lilikuwa limezimwa, na tanuri jipya la umeme, lisilo na moshi, lilikuwa likingoja kuwashwa asubuhi ile. Yeye, msimamizi wa zamu, alikuwa amecheleweshwa langoni akipigwa picha na wawekezaji. Na haya ndiyo mapokezi?

Ghafla akaguna kwa dharau. Tangu enzi za babu zao, mfanyakazi wa kiwanda kile aliyefikia siku yake ya mwisho alichomelewa mkebe wake benchini, ili ataniwe akiondoka.

"Mbumbumbu nyie! Anayeondoka ni mzee Pascoe. Mkebe wake ni ule wa buluu. Mnachomelea mmefumba macho?"

Pascoe, mwenye mvi kichwa kizima, aliipuliza chai yake.

"Nilimwambia mkurugenzi waziwazi," Hocking aliendelea, "kwamba ajira mpya si za vikongwe. Pole, babu, lakini tanuri hili linaendeshwa kwa kompyuta. Wewe hata simu unaishika kama nyundo."

"Darasa la tanuri hili nilikwenda, mwanangu," Pascoe alijibu kwa upole. "Kila Jumamosi. Sikukuona."

"Mimi nifundishwe chuma? Mimi niliyezaliwa katika vumbi hili jekundu? Darasa ni la wasiojua!"

Narelle, fundi wa kuchomelea, alivua glavu zake taratibu. "Mkurugenzi alipita hapa, bosi, ulipokuwa kwenye picha zako."

"Basi angewaonyesha mkebe wenyewe! Ukate huu upesi, kisha uchomelee ule wa buluu. Nina tanuri la kuwasha mimi."

Akanyoosha mkono ukutani, mahali ilipotundikwa tangu jana kofia ngumu nyeupe ya msimamizi wa tanuri jipya. Vidole vyake viligusa msumari mtupu.

Pascoe alimaliza chai. Akauinua mkebe wa buluu bila taabu, akaitoa kofia nyeupe chini ya benchi, akaivaa.

"Tupishe mlangoni, mwanangu," alisema. "Tunachelewa kazini."