Jina la Mume wa Leota

Mwandishi alikaa wiki nzima kambini na vibarua wa pamba, akila walichokula wao. Jioni ya kuondoka alimwambia Leota, mjane aliyekuwa akimpikia, kwamba katika kitabu atakachoandika juu yao angewabadilisha majina wote.

"Wenye shamba wakiwatambua watawafukuza, mama."

Leota aliipua sufuria ya maharage. Mumewe walimzika safarini, kando ya barabara, bila hata kibao cha jina, wakaendelea na njia yao.

"Sisi utubadilishe majina," alisema. "Lakini mume wangu, nani atamfukuza tena? Yeye mwandike Orrin Tackett."

Mwandishi alilitamka jina lile kwa sauti, polepole. Kwenye hema la jirani, mtu aliyekuwa akifua nguo, mmoja wa waliomzika Orrin, aliacha, akageuka kutazama.