Nyimbo Zilizojifunga

Wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Kwenye kioo cha kile kicheza muziki kidogo ikatokea alama ya kufuli, na kila wimbo mwingine Mwanahawa alioujaribu ukakataa vilevile.

Zilikuwa nyimbo alizoziacha marehemu mumewe Hassani, fundi seremala aliyekwenda kujenga ng'ambo ya Ruvuma. Mashua yao ilipinduka pale mto unapoingia baharini. Maiti za wenzake ziliopolewa, yake haikuonekana. Mwanahawa alingoja miaka minne, mpaka kadhi akamruhusu kuolewa tena.

Ndoa ilikuwa keshokutwa.

Asubuhi iliyofuata mchumba wake Yusufu, mwalimu wa Nanyamba, alimkuta Naliendele kwao, macho yamemvimba, kifaa kiko mapajani. Aliposikia kisa, hakukasirika.

"Twende mjini kwa fundi," alisema. "Sitaki uje kwangu na kinyongo moyoni."

Mwanahawa aliona haya. Wanaume wangapi wangesema hivyo?

Kwenye duka la Rebeka, fundi wa simu na kompyuta, Yusufu alibaki barazani kwa makusudi. Rebeka alizinakili nyimbo kwenye flashi. Zilihama zote, lakini hakuna hata moja iliyolia.

"Hizi zilinunuliwa mtandaoni, dada. Zimewekewa kinga," alisema. "Bila akaunti ya mwenyewe hazifunguki. Neno lake la siri unalo?"

"Hakumwambia mtu. Hata mimi."

"Sasa ulikuwa unazisikilizaje?"

"Kila mwezi nakiunganisha na intaneti ya jirani, kinajikagua, kinaendelea kupiga. Mpaka jana."

"Na simu yake?"

"Ilizama naye."

Rebeka aliuchomeka waya wa kifaa kwenye kompyuta, kisha akasita.

"Nikikilazimisha kijikague upya, kinaweza kuzifuta zote. Nisikufiche. Nijaribu, au nikuachie hivi?"

Nje, Yusufu alikohoa. Mwanahawa aliwaza hina aliyopakwa jana, wageni waliokwisha kufika, mama yake aliyekuwa akiimba jikoni kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Pengine ilikuwa heri zifutike, aanze upya. Lakini sauti ya Hassani alikwisha kuisahau. Nyimbo ndizo zilizobaki.

"Jaribu."

Mstari wa buluu ulitambaa taratibu kwenye kioo. Ukakwama. Mwanahawa akashika ukingo wa meza. Ukatambaa tena, ukafika mwisho.

Rebeka alisoma maandishi, akayasoma tena. Kisha aliinuka akaenda kurudishia mlango.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "hazikuharibika. Leseni inakubali kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja. Jana zimehamishiwa kwenye simu nyingine."

"Zimehamishwa na nani?"

Mlango ukagongwa.

"Vipi huko?" Yusufu aliuliza kwa upole. "Zimefunguka?"

Rebeka alimgeuzia Mwanahawa kioo cha kompyuta. Juu kabisa paliandikwa: *Karibu tena, Hassani*. Chini yake palionyeshwa mahali simu hiyo ilipo, Nampula, Msumbiji, na wimbo uliokuwa ukisikilizwa wakati huohuo. Na pale Mwanahawa alipokuwa akitazama, mtu aliusimamisha, akaurudisha mwanzo.